Wapalilia Mpunga Mlangoni mwa Danguro

Corte Mora, 23 Februari 1958

Mpendwa Nilde,

Pokea salamu za shangazi yako Argia, mzima wa afya isipokuwa goti, na goti hili linalalamika tangu wakati wa vita, tumeshalizoea. Mto Po haujapanda mwaka huu. Bata bukini wangu wanataga kama wanashindana. Don Settimio, padri wetu, ameng'olewa jino la mbele, kwa hiyo siku hizi mahubiri yake yana upepo, na watoto wa kiti cha mbele wanajifuta uso. Baba yako yupo.

Ila sikushika kalamu kwa ajili ya jino la padri. Nataka ujue baa ya Bepi ilivyokuwa Alhamisi. Nilikuwa nimepita kuomba chumvi, redio ikatangaza kwamba ile sheria iliyopigwa danadana miaka yote hii imepita: madanguro yenye leseni yafungwe nchi nzima, mwisho tarehe ishirini Septemba. Wanaume wakaweka glasi mezani kama wamefiwa. Mmoja akasema taifa litaanguka. Nikamwambia taifa linaloegemea kitanda cha kukodi na lianguke, tutajenga jingine. Bepi akajifunga kitambaa cheusi mkononi kuomboleza. Mkewe akakifungua taratibu, akafutia meza.

Na sheria haiishii hapo. Polisi hawaruhusiwi tena kumwandika mwanamke kuwa kahaba. Anayemtia mwanamke kwenye kazi hiyo, au kumhamisha mji hadi mji au nchi hadi nchi kwa kazi hiyo, jela ni yake. Mwanamke mwenyewe haguswi. Nilimwomba mwenye gazeti anisomee tena hapo, nikajifanya siku hizi sisikii vizuri.

Wewe unayezunguka miji yote hiyo ukiuza sidiria, bila shaka umesikia zaidi yetu. Biashara inaendaje? Na huyo Gaspare, mchumba wa miaka tisa, harusi lini? Nimenenepa, gauni langu la harusi za watu linataka taarifa mapema.

Shangazi yako akupendaye,
Argia


Verona, 18 Machi 1958

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilianzia Treviso, ikapita Vicenza, ikanikuta hapa Verona ina mihuri mingi kuliko pasi ya balozi. Nimecheka mpaka wenzangu wakaja kugonga mlango. Nikawasomea habari za jino la padri, na sasa kila mtu hapa anahubiri kwa upepo. Mimi mzima. Goti lako lipe pole.

Sidiria zinauzika. Mwenye maduka yetu ya miji yote hii, Bi. Ines, hakubali sheria yoyote iliyotungwa tangu mfalme aondoke. Asubuhi analia, mchana anakula vizuri, jioni anawaandikia wabunge matusi. Sisi wauzaji tulipopata habari tulicheza dansi kwenye korido. Nami nilicheza, kisha nikaingiwa na hofu, kisha nikacheza tena.

Gaspare anasema hapa hapana maisha tena. Siku hiyo ya Septemba atakuja na gari, tuhamie Nisi, Ufaransa, kwa rafiki yake mwenye duka kama hili. Kitambulisho changu anakitunza yeye, kwa usalama. Sijasema ndiyo. Hapana pia sijasema, maana Gaspare si mtu wa kuambiwa hapana halafu ukalala salama.

Baba anasemaje? Umeandika kwamba yupo. Hata kabati lipo.

Binti yako,
Nilde


Corte Mora, Jumatatu ya Pasaka, 7 Aprili 1958

Nilde mwanangu,

Pasaka ilikuwa njema. Tulikula samaki mkunga kwa ugali, na bata mmoja aliyekuwa na tabia mbaya. Goti limesema ahsante kwa pole yako. Don Settimio ametiwa jino jipya, kubwa kuliko la zamani, na sasa anatabasamu hata kwenye mazishi.

Tuache sidiria. Mchuuzi gani anahama mji tarehe mosi na tarehe kumi na sita, kila mwezi, miaka tisa, mvua au jua? Kila mwanamume wa bonde hili anajua ni wapi wanawake wanabadilishwa kila siku kumi na tano ili wateja wasichoke na sura, na kila mwanamke anajua kwamba mumewe anajua. Halafu miaka tisa yote hujaniletea hata sidiria moja, mimi na kifua hiki. Hapo ndipo nilipopata uhakika.

Nimejua tangu mwaka wa kwanza. Nilinyamaza kwa kuwa ulitaka ninyamaze, tena niliogopa kwamba nikisema utaacha kuandika. Sasa nasema: wewe ni Nilde wangu, nakupenda, na sikuulizi mengine. Pikipiki ya Gaspare naikumbuka. Niliiona juu ya tuta kule Vercelli, tukipalilia mpunga, mimi nyapara wenu na wewe mdogo kuliko wote kikosini, imejaa maua na ahadi za ndoa. Maua yalikuwa ya kuiba, yalitoka makaburini.

Nakuuliza jambo moja tu. Unataka kwenda Nisi, au unataka kutoka?

Argia


Ravenna, 19 Juni 1958

Shangazi,

Shikamoo. Kutoka.

Neno hilo limenichukua miezi, nisamehe. Nililiandika nikachana, nikaliandika tena nikala mkate juu yake, makombo yakaloa mafuta. Leo nimekwenda posta mbio kabla halijabadilika. Nilipofika nikagundua nimevaa viatu vya watu wawili tofauti. Nimefurahi sana, shangazi. Nacheka barabarani peke yangu, na watu wananipisha.

Najua utasema, kwa nini hukutoka zamani, mlango si una kitasa ndani. Nilitoka. Mwaka wa tatu nilipata kazi Brescia kwa mama mmoja mshona kofia. Siku chache tu, polisi akaingia dukani na kadi yangu, ile wanayotuandika, akamuuliza mama yule kama anajua amemwajiri nani. Ndivyo ilivyo, kila mji unaofika, kadi imekutangulia. Jioni ile Gaspare alikuwa nje ananingoja, anapiga mluzi. Kadi ndiyo kamba, na yeye alishika ncha tu. Sasa Bunge limekata kamba, ila Gaspare bado ana mikono, na ana gari. Kutoka mlangoni mpaka stesheni ni mwendo, na mwendo huo ndio unaoninyima usingizi.

Septemba nitakuwa Padova, nyumba ya mlango wa kijani nyuma ya soko la samaki. Rafiki yangu Nunziata atakuwepo. Anatoka Calabria, anakoroma kama trekta, na hakuna anayemngoja popote.

Sidiria nitakuletea. Niandikie kipimo.

Na baba?

Nilde


Corte Mora, 12 Agosti 1958

Nilde wangu,

Tumerudi kutoka Vercelli, wote wazima, ruba wameshiba. Mbu mwaka huu walikuwa wakubwa hata Dirce wa kikosi chetu alimpa mmoja jina. Kipimo kimo ndani ya bahasha hii, na ukimwonyesha mtu nitakulaani.

Nimekiambia kikosi. Kasirika ukitaka, nimeshasema. Tulikuwa majini mpaka magotini, tumeinama mstari mmoja, nikasema: jamani, Nilde anataka kutoka na kuna mwanamume atamsubiri mlangoni. Hakuna aliyeuliza kutoka wapi. Dirce akang'oa magugu mawili matatu, akasema, "Tunakwenda na jembe au bila jembe?" Nikamwambia bila. Akasema basi atakuja na mikono yake. Wewe unaijua mikono ya Dirce.

Kwa hiyo tarehe ishirini kikosi chote kinakuja Padova kwa lori la Bepi. Bepi alikataa. Mkewe akakubali, kwa hiyo Bepi anaendesha. Tutakuja na kofia zetu na vitambaa vyetu vya shambani, ili huyo bwana aone vizuri amekutana na kina nani. Unakumbuka mstari wa mpunga, bega kwa bega, na mwenye haraka anamngoja mwenye mgongo mbovu? Tutakuweka katikati. Atakayetaka kukutoa, akaribie.

Kaa hapo hapo kwenye mlango wa kijani mpaka tufike. Usitoke na mtu.

Baba yako nimemwambia. Akatoka kwenda kutazama mitego ya mikunga, akaitazama mpaka jioni. Yupo.

Argia


Mantova, 16 Septemba 1958

Shangazi, shikamoo, sina nafasi ya salamu.

Wametuhamisha leo asubuhi. Bi. Ines amesema tarehe kumi na sita ni siku ya kubadilisha, na siku ya kubadilisha ni siku ya kubadilisha hata dunia ikiisha Jumamosi. Tumefungasha kwa ajili ya siku nne. Nunziata amebaki Padova kwa sababu ana homa.

Niko Mantova, mkabala na ghala la nafaka. Lori lije Mantova. Gaspare yuko nje ya posta anavuta sigara, na sigara inaisha.

Nilde


Corte Mora, Jumapili, 21 Septemba 1958

Nilde mwanangu, popote ulipo,

Barua yako ya Mantova imefika leo, na jana tulikuwa tumeshakwenda Padova. Nani angefikiri kwamba watabadilisha watu wakati nyumba inakufa? Umri huu wote nimesikia habari za siku kumi na tano, nikajiambia safari hii wataona haya. Sijui uko wapi. Nakuandikia posta ya Mantova kwa sababu mikono haitaki kutulia. Afya sijui. Bata sijawatazama.

Ngoja nikueleze, labda utacheka, na ukicheka nitajua upo.

Tulifika saa tatu asubuhi, lori zima, kofia za majani, tunaimba. Nilikuwa nimewaambia wasiimbe. Tukajipanga mstari mbele ya mlango wa kijani, soko zima la samaki likaja kutazama. Nikagonga. Bi. Ines akachungulia.

"Tumefunga," akasema.

"Ndiyo maana tumekuja."

"Hapa hapana kazi kwa wanawake wa shamba."

Dirce akamwambia, "Mama, hata mkulima hutoa ng'ombe zizini likiungua. Fungua." Akaweka mkono kwenye mlango, kidogo tu. Bawaba moja ikachomoka yenyewe.

Wakashuka wanawake, mmoja baada ya mwingine, na masanduku yao. Kila anayeshuka namtazama usoni, sikuoni.

Sasa nikwambie nililokatazwa. Baba yako alikuwa ndani ya lori. Alipanda alfajiri, akakaa juu ya tairi la spea. Pale mlangoni alivua kofia, akamwendea kila mwanamke anayetoka, akauliza, "Umemwona binti yangu?" Wakamuuliza, anaitwa nani? Kinywa kikafunguka, jina likakataa kutoka, akarudia tu, "Binti yangu." Wa mwisho alikuwa mmoja mwembamba, amejifunga blanketi, anatetemeka kwa homa. Akasema, "Wewe ni baba yake Nilde. Mna pua moja. Amepelekwa Mantova." Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama lori lina nafasi.

Kwa hiyo nimekwenda Padova kumchukua binti wa kaka yangu, nimerudi na Nunziata. Analala chumbani mwako. Anakoroma, hukumsingizia. Tulitaka kwenda Mantova pale pale, petroli ikatukatalia njiani, Bepi akalia kuliko sote.

Niandikie neno moja. Hata baya.

Argia


Mantova, 24 Septemba 1958

Shangazi yangu, shikamoo, shikamoo, shikamoo,

Mimi mzima. Niko kwa mjane mmoja anayepangisha vyumba karibu na ziwa, pamoja na wenzangu wawili, na kuanzia jana tuna kazi ya msimu, kuosha viazi sukari kiwandani. Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa nakwenda stesheni kila jioni kungoja lori, mtu na akili zake, lori stesheni. Barua yako imenifikia leo. Nimesoma ya bawaba tukacheka watatu mpaka mjane akapiga ukuta. Nikafika kwa baba kwenye spea, nikaenda kusimama nje.

Sikiliza ilivyokuwa. Jumamosi nilikaa na sanduku mapajani tangu alfajiri, nasikiliza malori. Likapita la makaa. Likapita la majani makavu. La tatu lilikuwa la nguruwe, nami nikasema moyoni, hata hilo nalikubali. Halafu nikasikia honi, na honi ile naijua. Gaspare.

Wakati huo huo akafika sajenti wa polisi kuja kutia lakiri mlangoni, mzee mwenye masharubu. Nikajua basi, kikosi hakiji. Nikawatazama wenzangu pale koridoni, wanane, kila mmoja anaangalia sanduku lake. Nikawaambia, "Mmewahi kupalilia mpunga?" Mmoja tu alikuwa amewahi. Nikawaambia ni rahisi, bega kwa bega, hakuna kutangulia, hakuna kubaki. Tukashikana mikono, tukatoka upana wa barabara. Mlangoni hatukuenea, ikabidi tutoke kiubavu kama kaa, na mimi nikashikwa na kicheko, shangazi, kicheko cha kanisani kile kisichozuilika.

Gaspare akafungua mlango wa gari. "Panda. Unachekesha watu."

Nikasema, "Hapana."

Nililisema kwa sauti nyembamba, halikunifurahisha, nikalirudia. Hapana. Kisha nikamgeukia sajenti. "Afande, bwana huyu ana kitambulisho changu, anataka kunipeleka Ufaransa kazini."

"Kazi gani?"

"Hiyo unayokuja kuifunga."

Sajenti akakuna masharubu. Akatoa mfukoni kijitabu cha sheria, kipya, kurasa bado zimegandana. Akalamba kidole. "Subirini," akasema, "hii nayo tunaanza leo." Gaspare akacheka, akamwomba kiberiti. Sajenti akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa shule: yeyote atakayemhamisha mwanamke kwenda mji mwingine, au nje ya nchi. Akaguna. Akarudi mwanzo wa mstari kuhakikisha. Akaendelea: atafungwa. Hapo Gaspare alikuwa ameacha kucheka. Alitaka kurudi garini, lakini sisi tulikuwa tumeshalizunguka, na kati yetu tisa hakuna aliyesogea. Akanirushia kitambulisho akakimbia kwa miguu. Walimkamata stesheni, kwenye foleni ya tiketi, kiatu kimoja mguuni, mtu mwungwana hata akikimbia jela anapanga foleni. Jana nilikwenda kusema yote mbele ya hakimu. Sikuruka hata neno. Sajenti alinipigia saluti. Sijui kama inaruhusiwa.

Sasa naja nyumbani, kutazama tu kwanza. Kazi ya viazi imenipa Jumapili, na Jumatatu narudi. Usiniombe kubaki, nitakubali, nami nataka kwanza nione ilivyo kulala mahali nilipochagua. Najua wewe na wema wako, utataka nishuke kituo cha mbali, nipite nyuma ya tuta jioni, watu wasiseme. Sitaki. Nakuja kwa treni ya mchana, watu wakitoka misani. Nitapita katikati.

Nakuomba kitu kimoja. Miaka tisa nimekuwa Wanda, nimekuwa Yvonne, Padova nilikuwa Mimì, Mantova walinipa jina hata sikulisikia vizuri. Nikishuka, niite jina langu, kwa ile sauti yako ya shambani. Hata wakigeuka wote.

Nilde


Corte Mora, Ijumaa, 26 Septemba 1958

Nilde,

Dereva wa basi la Mantova ameapa kukupa barua hii mkononi, kwa hiyo ni fupi, anapiga honi.

Sote wazima. Nunziata homa imeshuka, amemkosoa Dirce namna ya kupika maharage, na bado yu hai.

Kuhusu tuta na jioni, ni kweli ningekuambia hivyo. Nilishaiandika barua yenyewe. Nimewashia jiko.

Sauti nimeanza kuijaribu leo asubuhi, maana tangu Vercelli haijatumika kuita mtu wa mbali. Nilisimama uani nikaita Nilde. Akaja mbwa wa Bepi. Wakaja bata wote. Don Settimio akatoka na povu la kunyolea shavuni akauliza kuna moto wapi. Mke wa Bepi ameitika kutoka ng'ambo ya mfereji, yeye anaitwa Teresa.

Kisha nikasikia mtu nyuma yangu anaita. Mara ya kwanza aliishia nusu ya jina. Akakohoa, akavua kofia, akaita tena, Nilde, vizuri, mpaka mwisho wa jina. Ni baba yako. Bado yuko pale uani anaita.

Tumekuja wote. Bado wewe tu.

Argia